Mfumo Uko Chini! Chini Wapi?

Nimekuwa kimya, naomba radhi. Kazi za gazeti zimenibana, halafu baridi ya huku Sumbawanga haina mchezo, tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari na vidole vinaganda kabla hujamaliza aya moja. Lakini leo lazima niandike. Kuna jambo limenikaa kooni, na nikilinyamazia nitakuwa sehemu ya tatizo. Tena nilishakuwa sehemu ya tatizo, nitafika huko.

Hivi ni mara ngapi mmeambiwa "mfumo uko chini"? Umedamka alfajiri, umepanga foleni, umesogea hatua kwa hatua mpaka dirishani, dada wa watu hata hakutazami usoni: mfumo uko chini, njoo kesho. Na sisi, wenye digrii na wasio nazo, tunafanya nini? Tunaguna, tunageuka, tunaondoka. Hakuna anayeuliza ni mfumo upi, uko chini wapi, umeangushwa na nini na nani anauinua. Ni kama tumeambiwa fulani kalogwa. Unasikitika, unashukuru si wewe, unakwenda zako.

Mimi nasema huo ndio uchawi wetu wa siku hizi. Na nasema hivyo nikiwa katika mji ambao wenyewe wanawaambia wageni kwamba jina lake maana yake ni "tupa uchawi". Nilipohamishiwa huku rafiki zangu wa Dar mliniuliza kama nimejiandaa, wengine mkanitania nivae hirizi. Jamani! Nimekaa, nimezunguka Laela, Matai, Namanyere, sijaona ungo ukiruka. Nilichokiona ni watu wazima wenye tai wakiogopa kompyuta.

Kisa chenyewe ni hiki.

Mwaka jana nilikwenda kwenye ofisi moja hapa mjini, ofisi inayohudumia watu wa mkoa mzima. Siitaji, na msinibane kwenye maoni. Usiku wa kuamkia siku hiyo umeme ulikatika. Mji huu kwa miaka mingi uliishi kwa umeme unaotoka Zambia kupitia Mbala, kwa hiyo kukatika si habari. Jenereta halikuwaka. Betri za kushikilia umeme zilikuwa za zamani, zikashikilia dakika chache zikakata roho. Asubuhi umeme ukarudi, huduma haikurudi. Nje kulikuwa na watu wasiopungua sitini.

Kati yao alikuwepo mama mmoja kutoka bondeni, upande wa Mtowisa. Alikuwa amepanda ule ukingo wa Lyamba lya Mfipa kwa gari la mizigo na kulala kwa ndugu, na nauli aliipata kwa kuuza kuku. Nikamwamkia, nikamweleza nilichoambiwa mlangoni, kwamba mfumo umeanguka. Akaniangalia.

"Sasa mwanangu, kama umeanguka si wauinue? Ng'ombe akianguka tunamwinua."

Nilicheka. Sikujua kwamba mama wa watu ameshamaliza mjadala ambao wakubwa wa ofisi ile wangeuendesha kwa siku tatu.

Nielezee kidogo, maana najua wengi wenu hamjawahi kuingia chumba cha seva. (Hamjakosa kitu, ni kelele na baridi, na baridi sisi tunayo ya bure.) Zamani kila kazi ilikuwa na seva yake: moja ya malipo, moja ya kumbukumbu, moja ya barua pepe. Siku hizi seva moja yenye nguvu inabeba kompyuta nyingi ndani yake. Wataalamu wanaziita mashine pepe. Pepe, siyo pepo! Kila moja inaamini ni kompyuta kamili, kumbe ni mafaili tu yaliyokaa kwenye diski. Fikiria nyumba ya kupanga ya uswahilini: jengo moja, vyumba vinane, kila mpangaji na kufuli lake.

Nyumba zikiwa mbili tatu unaweka msimamizi mmoja. Anashika daftari, anajua nani yuko chumba gani, anahamisha watu, anapokea wapya. Hiyo ndiyo seva ya usimamizi. Kwa wanaotumia VMware inaitwa vCenter, kwingine ina majina mengine. Unafungua ukurasa mmoja unaona kila kitu.

Swali langu kwenu: msimamizi wa nyumba akiugua malaria, wapangaji wanakufa?

Hawafi! Seva ya usimamizi ikizimika, mashine pepe zilizokuwa zinafanya kazi zinaendelea na kazi. Utakosa kuzihamisha kirahisi kutoka seva moja kwenda nyingine, utakosa ule ukurasa mzuri wa kuona kila kitu, lakini mteja dirishani hapaswi hata kujua. Na kama mashine zenyewe zilizimika kwa sababu ya umeme, kama ilivyokuwa hapa, unakwenda moja kwa moja kwenye seva iliyozibeba na kuziwasha. Kila seva ya aina hiyo ina mlango wake wa nyuma wa halali, ukurasa wake yenyewe, jina la mtumiaji na nywila. Huhitaji msimamizi kumwamsha mpangaji. Unagonga mlango.

Sasa oneni maajabu ya ofisi yetu. Msimamizi naye alikuwa mpangaji. Yaani seva ya usimamizi ilikuwa mashine pepe, imekaa ndani ya seva zilezile inazozisimamia. Si kosa, wengi wanafanya hivyo na inaruhusiwa. Lakini umeme ulipokatika ghafla diski yake iliharibika, ikawa haiwaki. Seva iliyotafsiri majina ya mtandao kuwa namba nayo ilikuwa mashine pepe mle mle, imelala. Mashine hazikupangiwa kujiwasha zenyewe umeme ukirudi. Seva kubwa zilikuwa mbili, na ya pili diski yake ndogo ya kuwashia ilikuwa imekufa. Na nywila ya ile seva iliyobaki nzima? Hakuna aliyeijua mkoa mzima! Ilikuwa kichwani mwa mkandarasi aliyezifunga, na mkandarasi yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa.

Palikuwa na kijana wa TEHAMA, nitamwita fundi. Ana stashahada, mshahara wake naujua na sitausema maana mtalia. Saa tatu asubuhi ya siku ya kwanza alikuwa ameshamwambia bosi: mashine zipo, mafaili yako salama kwenye ghala la diski, nipeni nywila ya seva nitaziwasha. Bosi akasema tusiguse kitu, mtaalamu atakuja. Siku ya pili mtaalamu alikuwa hajapanda basi. Watu wakaenda, watu wakarudi. Siku ya tatu mchana, baada ya simu kutoka juu, juu kabisa, mkandarasi akakubali kuitaja ile nywila kwenye simu.

Nilikuwepo. Fundi alichomeka skrini kwenye seva, ikatokea ile sura ya njano na kijivu yenye anwani ya namba. Akaiandika kwenye laptopu yake, akaingia. Mashine zikaonekana zote zimepangana, zimezimwa, zinasubiri. Akaanza na ile ya majina ya mtandao, ikafuata ya hifadhidata, halafu programu yenyewe. Zile zilizokuwa chini ya seva iliyokufa hazikuwepo kwenye orodha, kwa hiyo akafungua ghala la diski, akaingia folda moja moja, akatafuta lile faili dogo linaloeleza mashine ikoje, akaisajili upya hapo hapo kwenye seva nzima. Mfumo ukamuuliza: mashine hii umeihamisha au umeinakili? Akajibu ameihamisha. Akaniambia ukijibu umeinakili inapewa kitambulisho kipya na anwani mpya ya mtandao, halafu unaanza kutafuta kwa nini programu zinagoma. Mashine moja ya majaribio aliiacha imelala ili kumbukumbu ya seva moja iwatoshe wengine.

Dakika arobaini! Nilizihesabu kwenye simu yangu. Siku tatu za foleni, kuku wa mama wa Mtowisa, nauli za watu sitini mara tatu... kazi yenyewe dakika arobaini, na aliyeifanya alikuwepo tangu saa tatu asubuhi ya siku ya kwanza.

Sasa hapa ndipo nianze kugombana na watu.

Kwanza wale wanaosema nywila ni siri, ni usalama, haiwezi kuachwa mkoani. Ndugu yangu, siri iliyo kwa mtu mmoja si usalama, ni ajali inayosubiri tarehe. Mtu huyo anaugua, anaacha kazi, anagombana na nyie kuhusu malipo, anapata ajali Kitonga. Bahasha yenye lakiri, ndani ya kasiki, sahihi mbili za kuifungua, daftari la nani kaifungua lini: hiyo mbinu makarani walikuwa nayo kabla hata ya kompyuta. Na ndani ya bahasha usiweke nywila peke yake. Weka namba za anwani za kila seva, mashine ipi inakaa wapi, ipi inawashwa kwanza. Kwenye karatasi! Maana mkiiweka kwenye faili ndani ya mashine pepe mmefungia ufunguo ndani ya nyumba.

Wapo walioimarisha ulinzi mpaka wakazuia mtu yeyote kuingia kwenye seva bila kupitia seva ya usimamizi. Huo mpangilio upo kweli, na una ngazi. Ngazi ya juu kabisa, kama hukuacha upenyo wowote na seva ya usimamizi haifufuki, unaishia kusakinisha upya ile seva yenyewe. Mmejilinda dhidi ya wezi na dhidi ya mwenye nyumba.

Pili, wanaosema "tuna bekapu". Hata ofisi ile ilikuwa nayo! Fundi alinionyesha. Ilikuwa imekaa kwenye ghala lilelile la diski pamoja na mashine zenyewe, na programu ya bekapu ilikuwa inaiuliza seva ya usimamizi orodha ya mashine kila usiku. Msimamizi akiwa mgonjwa hakuna orodha, hakuna orodha hakuna bekapu. Kwa hiyo kipindi chote hicho hata nakala mpya hazikuchukuliwa. Ghala lile lingeungua nisingekuwa naandika habari za dakika arobaini. Msidhani ni ushamba wetu tu. Korea Kusini, nchi inayotuuzia simu na televisheni, Septemba 2025 kituo cha data cha serikali mjini Daejeon kiliwaka moto wakati betri zinahamishwa, mifumo zaidi ya 600 ikasimama. Hifadhi ya mafaili ya watumishi wa umma, terabaiti 858, ikateketea, na haikuwa na nakala nje ya pale.

Tatu, wanaosema dawa ni kununua kitu cha gharama zaidi. Broadcom ilipokamilisha kuinunua VMware Novemba 2023, mwezi uliofuata iliacha kuuza leseni za kudumu, sasa ni kulipia kwa muda, tena na tena. Wengi duniani wamekimbilia Proxmox, ya bure, ambayo haina hata haja ya msimamizi wa pembeni: kila seva ina ukurasa wake na orodha ya mashine inanakiliwa kwenye seva zote za kundi. Nzuri sana. Lakini weka seva mbili tu, moja ife, uone: ile iliyobaki inakosa kura za kutosha, inagoma kubadili chochote na kuwasha mashine, mpaka mtu anayejua aiambie kwamba kura moja inatosha. Mtu anayejua! Tunarudi palepale.

Mnakumbuka Februari 2023? Wahalifu walivamia maelfu ya seva za VMware duniani kupitia tundu ambalo inaaminika kiraka chake kilitolewa tangu Februari 2021. Walifunga yale mafaili madogo yanayoeleza mashine ikoje. Yale makubwa yenye data yenyewe, mara nyingi yalibaki mazima. Wengi wakadhani wamekwisha. Mafundi wawili, Enes Sonmez na Ahmet Aykac, wakaeleza jinsi ya kuyatengeneza upya yale madogo kutokana na makubwa, na taasisi ya Marekani ya usalama wa mitandao, CISA, ikatoa programu ya kufanya kazi hiyo. Mashine za watu zilikuwa hai, kilichopotea ni daftari, na daftari linaandikwa upya na anayejua nyumba ina vyumba gani.

Huku Ufipa jambo la ujuzi kukaa kwa wachache wanalijua kuliko mimi. Watu wa uwanda huu walikuwa wanayeyusha chuma kwenye malungu, tanuru za udongo ndefu kuliko mtu, zinazovuta hewa zenyewe bila mivuo. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameziandikia kitabu. Mafundi wakuu walikuwa na siri zao, na dawa zao. Chuma cha kigeni kilipoingia kazi ikafa, wazee wakafa, na leo mabaki ya malungu yako porini unayapiga picha. Msije mkasema waliloga wakazungu. Ujuzi haukuandikwa, basi. Tofauti ni kwamba wale mafundi walikuwa na sababu ya kuficha, walilinda riziki. Mkandarasi wetu analinda nini? Nauli ya kuja kuwasha mashine?

Haya, sasa mimi mwenyewe. Niliahidi.

Siku ya kwanza ya kisa hiki niliandika habari na gazeti likaitoa. Kichwa cha habari kilikuwa, kwa maneno machache, hitilafu ya mfumo yakwamisha huduma. Niliandika alichoniambia bosi: mfumo umepata hitilafu, wataalamu wanaushughulikia, wananchi wawe na subira. Nilimnukuu vizuri kabisa na picha ya foleni nikapiga. Na fundi alikuwa amesimama mita mbili kutoka kwangu, anajua kila kitu, sikumuuliza hata swali moja! Digrii yangu ya uandishi wa habari, miaka mitatu, mkopo wa serikali bado nakatwa, halafu swali la maana limeulizwa na mama wa Mtowisa.

Na si mimi peke yangu, wenzangu msijifiche. Mei 2021 mfumo wa LUKU ulipopata hitilafu watu walishindwa kununua umeme kwa siku kadhaa, na Waziri wa Nishati wa wakati huo, Medard Kalemani, akaagiza wakuu wa TEHAMA wa TANESCO wasimamishwe kazi. Nilikuwa chuo, tulikaa gizani hosteli tukibishana. Nakumbuka vizuri nani alisimamishwa. Sikumbuki kusoma popote ni kitu gani hasa kilianguka, kiliinuliwaje, na kama waliwahi kufanya zoezi la kukiinua kabla hakijaanguka. Kusimamisha mtu ni habari, picha ipo, sauti ipo. Zoezi la kufufua seva Jumamosi moja asubuhi halina picha, kwa hiyo hatuliulizi, na kwa kuwa hatuliulizi hawalifanyi.

Basi mimi nimeamua. Afisa yeyote atakayeniambia mfumo uko chini, namuuliza: data ipo au haipo? Mashine ipi imezimika, na ziko ngapi nzima? Nani mkoani ana uwezo wa kuingia kwenye seva? Mara ya mwisho kurejesha kutoka kwenye bekapu, kurejesha kweli na siyo kuchukua, ilikuwa lini? Wengine wameshaanza kunikimbia kwenye korido. Mmoja aliniuliza kama nimebadilisha kazi. Mhariri wangu naye anasema wasomaji hawataki mambo ya seva. Mimi namwambia wasomaji wako kwenye foleni, nenda kawaulize wanataka nini.

Kuhusu ile ofisi, baada ya mimi kuandika habari ya pili walikubali. Bahasha ikaandaliwa, fundi mwenyewe aliandika namba zote kwa mkono, ikapigwa lakiri, ikaingia kwenye kasiki. Jana nikampigia kumjulia hali, nikamuuliza kama bado ipo.

"Ipo kaka," akasema. "Ila ufunguo wa kasiki anao mhasibu, na mhasibu yuko semina Dodoma mpaka Ijumaa."